Tume imeongeza sharti la GPA ambalo halimo kwenye katiba: nichukue fomu ya urais au nitulie?

Binti wa Uyui

Habari za jioni wakuu. Nipo mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Tabora mjini. Jina la chuo nalihifadhi, ingawa wenyeji mtakisia tu, maana vyuo vyetu huku si vya kujaza mkono.

Uchaguzi wa serikali ya wanafunzi umetangazwa na mimi nautaka urais. Nimekuwa CR, yaani mwakilishi wa darasa, tangu mwaka wa kwanza. Nimeshahangaika na majina ya watu yaliyokwama bodi ya mikopo, nimeshakaa kwenye benchi la mhasibu mpaka mlinzi akadhani nimeajiriwa pale. Kwa hiyo sitafuti sifa, kazi yenyewe naijua.

Shida ni tangazo la tume. Katiba ya serikali yetu inataka mgombea urais awe amemaliza mihula miwili, awe na GPA (wastani wa alama za masomo) isiyopungua 2.7, asiwe anatumikia adhabu ya nidhamu, na alete wadhamini 60, wasiopungua 15 kutoka kila kitivo. Vitivo ni vitatu. Tangazo linasema hayohayo yote isipokuwa GPA, ambayo imepanda hadi 3.5. Mimi nina 3.2. Limesainiwa na mwenyekiti peke yake, likabandikwa Ijumaa saa kumi na moja jioni kwenye ukuta wa kantini wakati watu wameshatawanyika. Fomu zinachukuliwa Jumatatu, mwisho wa kurudisha ni Alhamisi saa kumi kamili. Nimemuuliza katibu wa tume, jibu lake ni "maelekezo ya juu". Juu kwa nani, hasemi.

Naomba kujua: tume ina mamlaka ya kuongeza sharti hivyo? Mtu akinidhamini mimi halafu akamsainia na mwenzangu, inahesabikaje? Na mgombea mwenza kwetu lazima awe wa jinsia tofauti. Kijana niliyemtaka ni mzuri sana jukwaani ila ana sapu (mtihani wa marudio) ya takwimu, matokeo bado. Anafaa?

Kuna kundi linasema tususie wote, wapite wenyewe waaibike. Nawasilisha.

Kapteni Isevya

Dada soma. Urais wa chuo ni kugombana na mpishi kuhusu maharage yenye wadudu na kuamshwa usiku kwa sababu maji yamekatika bweni la wavulana. Ukimaliza, hakuna mwajiri anayekuuliza. 3.2 yako ipandishe ifike hiyo 3.5, utakuwa umewakomesha vizuri zaidi.

Mzee wa Sanduku

Kapteni, maharage yenye wadudu nayo yanahitaji mtu wa kuyasemea. Mwache mtoto.

Binti, hongera kwa kuuliza kabla hujakatwa. Wengi huja wakiwa wameshakatwa, na hapo kinachobaki ni pole. Nilikuwa mjumbe wa tume ya uchaguzi chuoni kwetu, baadaye nikawa katibu wake. Sasa nafundisha sekondari huku Kaliua, na uchaguzi wa viranja ukifika macho yote yananigeukia mimi. Ninayokwambia nimeyaona nikiwa upande wa meza unaopokea fomu.

Tume haitungi sifa za mgombea. Kazi yake ni kusimamia sifa zilizopo. Inaweza kupanga tarehe, ikachapa fomu, ikaweka saa za kampeni, ikasema picha ziwe na mandharinyuma ya bluu, hayo ni yake. Nani anafaa kugombea na nani hafai, hayo ni ya katiba, na katiba hubadilishwa na bunge la wanafunzi kwa utaratibu wake, kisha uongozi wa chuo unaridhia. Jumuiya za wanafunzi zinatambuliwa na Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005, kwa hiyo msiichukulie katiba yenu kama karatasi ya kikundi cha kufa na kuzikana.

Lakini usikimbilie kupiga kelele. Kwanza kahakikishe mambo mawili. La kwanza, bunge lenu halikukaa muhula uliopita likapitisha marekebisho? Nenda kwa katibu wa bunge, omba muhtasari wa kikao. Mara nyingi unakuta mabadiliko yalipita watu wakiwa wanasinzia, na nakala mnayozungushiana kwenye simu ni ya zamani. La pili, soma kifungu cha tume hadi nukta ya mwisho. Baadhi ya katiba zina mkia unaosema "na masharti mengine kadiri tume itakavyoona inafaa". Mkia huo ukiwepo, hoja yako inadhoofika, itabidi useme kwamba masharti ya nyongeza hayawezi kupingana na kifungu kilichotaja 2.7 waziwazi. Usipokuwepo, una kesi nzuri.

Kisha andika barua. Ukurasa mmoja, usiwatukane, usitaje "maelekezo ya juu" wala kumtaja mtu. Taja kifungu, taja tangazo, uliza ni kikao gani kilibadilisha. Iende kwa mwenyekiti wa tume, nakala kwa mshauri wa wanafunzi na kwa spika. Chapa nakala ya ziada, hiyo ndiyo ya kwako, wagonge muhuri, waweke saini, tarehe NA SAA. Wakikataa kugonga, ingia ofisi ya mshauri wa wanafunzi kwanza, pale kuna karani ambaye kazi yake ni kupokea barua, hana mgombea. Ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp si malalamiko, hata kama umelia.

Na fomu chukua. Chukua, jaza, rudisha, ambatanisha matokeo yako yanayoonyesha 3.2. Hapa ndipo watu wanapokosea: anaona tangazo, anakasirika, harudishi fomu, halafu anataka kukata rufaa. Rufaa ya nini? Tume itasema haina fomu yako, na itakuwa inasema kweli. Waache wakukate kwa maandishi na sababu waitaje wenyewe.

Sasa wadhamini, nataka unisikilize vizuri. Kule jukwaani watu wanashangilia, lakini mimi nimeona wagombea wakidondoka mezani, kwenye jedwali lile la majina. Sisi tulikuwa tunafanya hivi: mwenyekiti anaweka rula chini ya mstari, anasoma namba ya usajili kwa sauti, mimi naitafuta kwenye orodha iliyotoka ofisi ya usajili, mjumbe wa tatu anaangalia saini. Ikigoma, kalamu nyekundu. Unaona mambo humo. Majina manane yenye mwandiko mmoja na wino mmoja, maana yake mpambe alikaa kitandani akawajazia wenzake wa chumbani. Namba ya usajili yenye tarakimu moja iliyoruka. Mtu aliyeahirisha masomo tangu mwaka jana bado anadhamini. Kulikuwa na kijana mmoja, kipenzi cha chuo kizima, golikipa, akipita watu wanaimba jina lake. Alileta wadhamini kamili kama katiba ilivyotaka, hata mmoja wa ziada hakuna. Mmoja wao alikuwa ameshadisko, yaani ameondolewa masomoni kwa kufeli. Akabaki na pungufu ya mmoja, saa ya kurudisha imepita, basi. Timu yote ya mpira ilikuja kusimama nje ya ofisi na hatukuwa na la kuwafanyia.

Kwa hiyo katiba ikisema 60, wewe leta 85. Ikisema 15 kila kitivo, leta 25. Kila mdhamini ajaze mwenyewe, akiwa na kitambulisho mkononi, anakili namba kutoka kwenye kitambulisho na siyo kutoka kichwani. Wa kusaini mara mbili: kwetu jina lilikatwa kwenye fomu zote mbili, vyuo vingine wanamhesabia aliyetangulia kurudisha. Kanuni zenu zitasema. Kwa vyovyote vile, rudisha mapema, Jumatano asubuhi, usiwe mtu wa Alhamisi saa tisa na dakika hamsini.

Mwenza wako wa takwimu mwache. Simchukii. Lakini kama matokeo ya sapu bado, GPA yake haijakamilika, na ofisi ya taaluma haitampa karatasi ya kuthibitisha kitu ambacho hakijakamilika. Mnagombea kwa tiketi moja, yeye akikatwa na wewe umeondoka. Mpe umeneja wa kampeni, apande jukwaani akuseme. Mwenza tafuta wa kitivo kingine, anayekaa bweni tofauti na lile linalokujua, hata kama ni mpole. Mpole mwenye karatasi safi ni bora.

Kuhusu kususia. Nyinyi mko Tabora, hili ndilo linalonishangaza. Januari 1958 TANU walikutana hapohapo mjini kwenu kuamua kama washiriki uchaguzi wa kura tatu. Masharti yalikuwa ya kuudhi kuliko hiyo 3.5: mpiga kura lazima achague watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu, la sivyo kura yake imeharibika. Na ili uandikishwe kupiga kura ulihitaji kipato cha kiwango fulani au elimu ya darasa la nane au cheo. Wengi walifika mkutanoni wakitaka kususia. Nyerere, ambaye Tabora alishasoma, akawashawishi waingie na masharti yao mabaya yaleyale. Ukaitwa Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka kuanzisha chama chake. Uchaguzi ukafanyika kwa awamu mbili, 1958 na 1959, na TANU pamoja na waliowaunga mkono wakachukua viti. Sisemi chuo chenu ni Tanganyika. Nasema hao mnaotaka wapite peke yao hawataaibika, watakula kiapo.

Makamu Mstaafu

Nasoma kutoka Kasulu, mkoa wa jirani. Mzee wa Sanduku kasema ya karatasi, mimi niongeze ya binti, maana yeye ni mwanaume na haya hayajamfika.

Mdogo wangu, nilikuwa makamu wa rais chuoni. Kampeni za wanaume zinaendelea usiku kwenye vibaraza vya mabweni, saa tano wako na redio na karanga. Wewe ukionekana huko saa tano, kesho kuna hadithi. Kwa hiyo shika kanuni ya saa za kampeni uifanye ngao yako. Kwetu mwisho ulikuwa saa mbili usiku, na mimi ndiye niliyeandika barua kwa tume kulalamikia wanaovuka. Wakaona namaanisha. Mchana nilipita madarasani, dakika tano kabla ya kipindi, kwa ruhusa ya mwalimu. Nilipita maktaba, nilipita kwenye foleni ya chakula ambako hakuna anayeweza kukukimbia kwa sababu ana sahani mkononi. Wasichana wengi hawaji kwenye mikutano ya jioni, ila foleni wapo, na kura wanapiga.

Jambo la pili ni hela. Watakuja. Kwangu alikuja kaka mmoja mstaarabu, akasema kuna "mlezi" anapenda vijana, atatoa fulana na chakula. Nilipomuuliza mlezi ni nani akaanza kuzunguka. Katiba yetu ilikataza mgombea kufadhiliwa na chama cha siasa au kutumia rangi zake, nadhani na yenu ipo hivyo, angalia. Nilikataa. Mwenzangu alizipokea zile fulana, mtu akapiga picha, pingamizi likawasilishwa siku ileile na jina lake likatoka. Sikuwasilisha mimi, ila siwezi kusema nililia.

Chipsi kuku usinunulie mtu. Hata maandazi. Kama una wapambe wanaotembea juani, wape maji na waambie wasipigwe picha wakiwa wamezunguka kreti.

Kapteni Isevya

Nimesoma yote. Nimekubali agombee. Lakini yale maharage nayo ayashughulikie.

Binti wa Uyui

Asanteni sana. Nimerudi na mrejesho.

Katibu wa bunge alinipa muhtasari wa vikao viwili vya mwisho, hakuna marekebisho yoyote ya sifa. Mkia alioutaja Mzee haupo. Barua nimepeleka Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi. Ofisi ya tume walisema muhuri uko kwa mwenyekiti na mwenyekiti yuko Nzega msibani. Nikaenda kwa mshauri wa wanafunzi, karani akagonga bila neno. Jumanne jioni likatoka tangazo jipya, GPA 2.7, limeandikwa "marekebisho ya makosa ya uchapaji". Hawakuniomba radhi na sijadai.

Nimerudisha fomu Jumatano na wadhamini 88. Wamekata sita, nimebaki salama. Mwenza ni kaka mmoja wa kitivo cha elimu, mtu wa Sikonge, mpole kweli ila anajua kila mtu kwa jina. Yule wa takwimu alinuna siku moja, sasa ndiye meneja.

Tumebaki wagombea watatu. Lililojitokeza sasa ni hili: kura ni za karatasi, lakini orodha ya wapiga kura inatolewa kwenye mfumo wa chuo, na mfumo unamfungia mwenye deni la ada. Watu wangu wengi ni watoto wa wakulima wa tumbaku, ada inalipwa wakishauza. Wakifungiwa nimekwisha. Na siku ya kuhesabu nifanye nini?

Mzee wa Sanduku

Safi. "Makosa ya uchapaji" ni jina la heshima, wape heshima yao na wewe endelea.

La orodha ni kubwa kuliko GPA na wengi hawalioni hadi siku ya kupiga kura. Angalia katiba inasema mpiga kura ni nani. Nyingi husema kila mwanafunzi aliyesajiliwa ni mwanachama na ana haki ya kuchagua. Deni la ada ni jambo lake na mhasibu. Kama amesajiliwa muhula huu, awemo. Andika barua nyingine, ila safari hii usiandike peke yako, watafute wale wagombea wengine wawili msaini pamoja. Na wao wana watu wenye madeni, hakuna mgombea asiye nao. Mdai vitu viwili: orodha ibandikwe walau siku tatu kabla ya kura ili watu wakague majina, na itolewe na ofisi ya usajili, siyo ya uhasibu. Wakisema mfumo haugawanyiki, waulize CR wa kila darasa ana orodha gani ya mahudhurio. Ipo, na inaweza kutumika kulinganisha.

Wakati huohuo waambie watu wako wakague wenyewe. Asiyeona jina aende usajili na risiti ya malipo ya awali na kitambulisho, kabla ya siku ya kura. Siku yenyewe hakuna atakayemsikiliza.

Kuhesabu: unahitaji wakala kwa kila sanduku, na wa akiba kwa kila mmoja, kwa sababu mtu atabanwa na haja au atapigiwa simu na mpenzi wake. Wakala asiwe mzungumzaji. Tafuta yule anayekaa mbele darasani na kuandika kila kitu. Afike kabla ya kufungua, aonyeshwe sanduku likiwa tupu, aandike namba ya lakiri. Aandike idadi ya karatasi zilizoletwa kituoni. Mwisho wa siku zilizotumika, zilizoharibika na zilizobaki zijumlishwe zirudi kwenye idadi ileile. Zisiporudi, hasaini.

Kwetu umeme ulikatika tukiwa katikati ya sanduku la pili, ndani ya bwalo, watu wamejaa madirishani. Mwenyekiti wetu, Mungu amjalie, alipaza sauti kila aliye mezani anyanyue mikono juu na asiishushe mpaka taa za simu ziwake. Tukawa kama tunaombewa. Wakala mmoja akacheka, mwingine akawa anahesabu mikono. Taa zilipowaka tukaanza lile sanduku upya tangu kura ya kwanza, na hakuna aliyelalamika, wala siku ile wala baadaye. Mwambie wakala wako: umeme ukikatika, adai hivyo, na simu yake iwe imechajiwa.

Kura zenye utata zitengwe pembeni ziamuliwe mwishoni mbele ya mawakala wote, zisiamuliwe mojamoja na anayehesabu. Fomu ya matokeo ya kila kituo isainiwe, na wakala aondoke na nakala. Akinyimwa nakala aipige picha, akikatazwa simu anakili kwa mkono kwenye daftari na kuwaomba mawakala wengine waweke saini. Jumla kuu ikitangazwa, wewe linganisha na madaftari yako kabla hujalia au kushangilia. Malalamiko yana muda wake, kwetu yalikuwa saa ishirini na nne, soma yenu leo.

Binti wa Uyui

Yetu ni saa arobaini na nane. Mawakala naweza kuwabadilisha siku ya kura?

Mzee wa Sanduku

Usitegemee. Majina, ya msingi na ya akiba, peleka kesho asubuhi na barua yenye muhuri kama zile nyingine. Mwenyekiti kama bado yuko Nzega, karani unamjua.